Jinsi Marseille Ilivyosubu Mwandiko wa Mkono

Mwaka 1953 Fonderie Olive, kiwanda cha kusubu herufi za chapa mjini Marseille, kusini mwa Ufaransa, kilitoa herufi zilizoonekana kama mtu kachovya brashi kwenye wino akaandika mbiombio. Ziliitwa Mistral, jina la upepo mkali wa baridi unaoteremka bonde la mto Rhône hadi Bahari ya Mediterania. Watu wa Marseille wanaufahamu kama watu wa Pwani wanavyoifahamu kaskazi.

Mchoraji wake, Roger Excoffon, alizaliwa mji huohuo mwaka 1910. Alisoma sheria, akaiacha, akaenda Paris kufuata uchoraji. Kwa Mistral alitumia mwandiko wake mwenyewe.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Enzi zile kila herufi ilikuwa kipande cha risasi kinachojitegemea, chenye kingo zilizonyooka, na mpangaji alizipanga moja moja. Kwa hiyo mkia wa a ulipaswa kuingia sawasawa kwenye n, kwenye r, na kwenye herufi nyingine yoyote itakayofuata, kwa kimo kilekile na unene uleule. Ukikosea kidogo tu, neno linakatika machoni pa msomaji. Excoffon aliviweza viungo hivyo bila kuzinyoosha herufi: nyingine zinaruka juu, nyingine zinazama, na kingo zake zimebaki na mikwaruzo ya wino. Naamini mikwaruzo hiyo ilisaidia, maana kwenye mstari laini kila kiungo kingejitokeza waziwazi.

Hakuwa wa kwanza kuchora herufi za brashi. Marekani, Robert E. Smith alikwisha kuchora Brush Script mwaka 1942 kwa ajili ya American Type Founders. Ni kazi nzuri, ila herufi zake ni safi na zimelala upande mmoja kwa utaratibu. Katika Mistral unamwona mwandishi mwenye haraka zake.

Mwaka 1955 Excoffon alitoa Choc, ya brashi nene zaidi, na baadaye akabuni nembo ya Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Grenoble, 1968. Risasi ilipopitwa na wakati, Mistral ilihamia kwenye kompyuta na kusambaa pamoja na Microsoft Office. Mwaka 2011 filamu ya Drive iliitumia kuandika majina ya washiriki wake, kwa rangi ya waridi.

Siku hizi fonti moja inaweza kubeba maumbo kadhaa ya herufi ileile, ili mwandiko usijirudie. Excoffon hakuwa na nafasi hiyo, na bado naiweka Mistral mbele ya fonti nyingi za brashi zinazouzwa leo. Maneno ya Kiswahili ni marefu na yamejaa irabu, hivyo kasoro hujificha kwa shida. Wewe unayetengeneza mabango, kabla ya kulipia fonti ya brashi, andika “tunawakaribisha”, likuze hadi lijaze kioo, kisha kagua zile a nne na kila kiungo kinachozishika.