Baba anataka kuzikwa Makambako

Najua nimepotea. Majaribio yalinibana, halafu bumu likaisha kabla ya mwezi, si mnajua tena maisha ya hosteli. Lakini kuna jambo limenikaa kichwani tangu likizo na leo nalitua hapa, maana wenzangu chumbani wameshanichoka nalo.

Mwezi wa saba tulikwenda Bulongwa, kule Makete, kumzika bibi mzaa baba. Mie nimezaliwa na kukulia Makambako. Baba Mkinga, mama Mbena, nyumbani tunaongea Kiswahili. Kikinga najua salamu na matusi mawili matatu basi. Akina mama walipoanza kuomboleza pale kaburini nililia kwa sababu watu wanalia, maneno yenyewe sikuyaelewa. Maziko yalipokwisha, mzee mmoja wa ukoo akawa anaonyesha kwa fimbo: hapa babu yenu, hapa sasa bibi yenu, na pale pembeni ni pa baba yako. Baba akatikisa kichwa tu. Tumepanda Noah ya kukodi, tunaikaribia Njombe, ndipo akasema, "Mimi mtanizika Makambako." Kimya. Halafu akanigeukia: "Wewe si unasoma historia? Hebu niambie, mtu anakuwa wa mahali baada ya miaka mingapi?"

Miaka mitatu ya chuo na sikuwa na jibu! Nikasema nitaangalia. Basi nimeangalia.

Nikaanza na Wangoni, maana ndio tunaowafundisha kidato cha pili kila TP. Walitoka kusini mwa Afrika wakikimbia vita vya akina Shaka, chini ya Zwangendaba wakavuka Zambezi mwaka 1835, na baada ya mizunguko mingi wengine wakaishia Songea. Njiani na huko walikofika walichukua watu: vijana wakafanywa askari, wanawake wakaolewa. Wandendeule, Wapangwa, na Wabena wetu pia wamo humo. Darasani tunaandika "Wangoni waliteka makabila mengine", wanafunzi wananakili, tunaendelea. Lakini nenda Songea leo usikilize hicho Kingoni. Sio kile alichokuja nacho Zwangendaba. Wajukuu walikua wakiongea lugha ya mama zao, yaani lugha ya waliotekwa. Sasa hapo nani alimmeza nani? Mtekaji alibaki na jina, mtekwa akabaki na lugha. Mie sikuwahi kuliwaza hivyo mpaka baba aliponiuliza swali lake.

Na Wabena wenyewe, wenyeji wa Njombe na Makambako, karne ya 19 walibanwa katikati, Wahehe kaskazini, Wangoni kusini. Wengine walishuka mpaka bonde la Kilombero wakawa Wabena wa kule, wanaolima mpunga na kuvua samaki. Ikaja Majimaji 1905, mapigano yakafika mpaka misheni ya Yakobi karibu na Njombe, halafu Wajerumani wakachoma vyakula na njaa ikahamisha watu upya. Kwa hiyo mtu akikuambia ukoo wake haujawahi kuhama, muulize vizuri.

Ila kilichonishangaza zaidi ni Kidugala. Wangapi mnajua kwamba Wazungu wakimbizi waliwahi kuishi Kidugala? Mie nina shangazi upande wa mama aliyeolewa karibu na hapo, na sikujua! Ilikuwa misheni ya Walutheri wa Kijerumani. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Waingereza wakaweka hapo Wapolandi. Hawa walikuwa wametolewa makwao kwa nguvu na Urusi ya Stalin mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 wengi wakatoka kupitia Iran, wanaume wakaingia jeshini, na wanawake na watoto wakasambazwa huku na huku, maelfu wakaja Afrika Mashariki. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru kule Arusha, yenye watu kama 5,000. Nyingine zilikuwa Ifunda, ambapo tunapita kila tukienda nyumbani, na Kidugala.

Hebu fikiria mtoto aliyetoka kwenye theluji ya Siberia anaamka Ubena, ukungu umejaa bondeni, baridi ipo lakini ya kwetu hii. Wakawa na kanisa lao na shule yao, wakisomeshwa kwa Kipolandi, kwa sababu waliamini vita ikiisha wanarudi. Serikali ya kikoloni nayo iliwapokea kama wageni wa muda na haikutaka wachanganyike na Waafrika. Vita ikaisha 1945. Mipaka ikachorwa upya, na sehemu walikotoka wengi wao ikabaki ndani ya Muungano wa Kisovyeti. Nyumbani palikuwepo kwenye ramani ya zamani tu. Wakaondoka kidogo kidogo kwenda Uingereza, Australia, Kanada. Waliofia Kidugala wakabaki, makaburi yao yapo.

Nilifikiri hapo nimepata jibu la baba: wale walizikwa Ubena na hawakuwa wa Ubena. Kaburi peke yake halitoshi. Hata Wachina wa TAZARA ni hivyo hivyo. Reli ilijengwa 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, na kipande cha Mlimba kupanda mpaka Makambako ndicho kilichowatoa jasho kuliko vyote, madaraja na mahandaki tupu. Makambako yenyewe kuwa mji ni kwa sababu reli hiyo inakutana na barabara kuu ya Mbeya na ile ya Njombe na Songea. Wachina waliishi kambini kwao, wakamaliza kazi, wakaondoka. Baadhi ya waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Halafu nikageuza swali. Watu wa kwetu waliotoka, walikuwa wa wapi? Wakati wa Mwingereza, Njombe ilikuwa shamba la kuvuna vibarua. Kodi ilidaiwa kwa fedha, reli iko mbali, zao la kuuza halipo la maana, basi vijana wakapelekwa Tanga kukata mkonge. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kukusanya watu, SILABU, tangu 1944. Ndio wale manamba, kwa sababu kila mtu alikuwa na namba yake. Wengi walirudi na blanketi na fedha kidogo. Wengine hawakurudi. Walioa huko, wakalima, watoto wao wakakua na Kiswahili cha Tanga, na Njombe ikawa neno tu la babu. Mwaka 1949 kampuni ya miwati, TANWAT, ikaanzishwa Njombe, yakaja na mashamba ya chai, na mambo yakapinduka: sasa watu wakaanza kuja kwetu kutafuta kibarua. Baba naye akashuka kutoka Makete mwaka 1989, na magunia manne ya viazi ya mtu mwingine.

Nikampigia simu. Nikamwambia baba, miaka haihesabiki. Wapolandi hawakukaa kwa sababu hakuna aliyewapa shamba wala kuwaozesha wala hata kugombana nao mpaka. Wewe una kiwanja, una mke Mbena, una kesi ya mpaka na jirani tangu sijazaliwa, na msiba wa mtaani ukitokea unachangishwa kama wengine. Akacheka. Akasema, "Kaka yangu hataki kusikia historia. Anasema nikizikwa Makambako wajukuu zangu hawatapanda tena Bulongwa."

Na hapo, wadau, baba mkubwa ana hoja. Mie mwenyewe nimekwenda Makete mara nne maishani, zote ni misiba. Msiba wa baba ukiwa Makambako, nitaifuata nini Bulongwa? Hicho Kikinga kidogo nilicho nacho kitaishia kwangu. Sensa ya mwisho kuuliza watu kabila ilikuwa 1967 na naona ni jambo jema, lakini serikali kutouliza ni tofauti na wewe kukosa la kujibu. Sitadanganya kwamba haliniumi.

Kitu kingine nilikiona juzi tu, nikashtuka. Yule mzee na fimbo yake alionyesha pa babu, pa bibi, pa baba. Mama alikuwa amesimama pale pale na kitenge chake cha msiba. Hakuonyeshwa pake. Wala kwao upande wa Ubena sijasikia mtu akimwekea nafasi, maana ameshaolewa. Nilipomuuliza akaniambia nile kwanza, makande yanapoa.

Ijumaa napanda basi. Baba mkubwa anashuka kutoka Makete na wazee wawili, kikao ni Jumamosi saa nne nyumbani kwetu. Baba anasema nitakaa kwenye kikao, niongee. Mie swali nililonalo sio lile aliloniuliza.