Mlipuko wa kicheko wa Kashasha (1962)

Mlipuko wa kicheko wa Kashasha ni mfano mashuhuri wa histeria ya umma, yaani dalili za mwili zinazoenea kundini kutokana na msongo wa mawazo, bila kijidudu wala sumu. Ulianza tarehe 30 Januari 1962 kwa wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, wilaya ya Muleba ya leo, Tanzania. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa na vipindi vya kucheka na kulia, lakini walimu walisalimika. Shule ilifungwa Machi. Wanafunzi waliporudi makwao, hali hiyo ilifika kijiji cha Nshamba, ikawapata watu 217, kisha ikafika shule ya Ramashenye karibu na Bukoba. Haikuwa furaha: miili ilisema yaliyoushinda ulimi.