Barua na nyaraka kuukuu zinavyofichua nasaba za Waayalandi

RAIS Barack Obama wa Marekani alipozuru kijiji cha Moneygall nchini Ayalandi mnamo Mei 23, 2011, wengi waliojua asili yake ya Kogelo pekee walistaajabu. Kumbe Falmouth Kearney, babu yake wa kizazi cha tano kwa upande wa mama, alikuwa mwana wa mshona viatu wa kijiji hicho, na alihamia Marekani mwaka wa 1850. Ushahidi ulipatikana katika madaftari ya kale ya parokia ya Kianglikana, yaliyopekuliwa na kasisi wa huko mwaka wa 2007.

Si kila mtafutaji hujaliwa bahati hiyo. Mnamo Juni 30, 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, mlipuko na moto viliteketeza hifadhi ya kumbukumbu za umma katika majengo ya Four Courts jijini Dublin. Karibu sensa zote za 1821, 1831, 1841 na 1851 ziliangamia humo. Sensa za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Sensa kamili ya kale zaidi iliyosalia ni ya 1901.

Uchungu ni kwamba pengo hilo limemeza miaka ya njaa kuu. Kati ya 1845 na 1852, ugonjwa uliozesha viazi, chakula cha maskini, na watu wapatao milioni moja wakafa. Wengine zaidi ya milioni moja wakavuka bahari, na aghalabu ni vizazi vyao wanaotafuta leo.

Kinachowaokoa ni karatasi ambazo hazikuandikwa kwa ajili yao. Orodha ya Richard Griffith, iliyotungwa kwa ajili ya kodi kati ya 1847 na 1864, humtaja kila mkuu wa nyumba na mwenye ardhi aliyompangisha. Kisha kuna pensheni. Kuanzia Januari 1909, wazee wa miaka 70 na zaidi waliokuwa maskini walilipwa hadi shilingi tano kwa wiki. Lakini usajili wa vizazi vyote ulikuwa umeanza mwaka wa 1864 tu, na wazee hao hawakuwa na cheti. Hivyo mzee alitaja wazazi wake na kitongoji alikozaliwa, naye karani mjini Dublin akamtafuta akiwa mtoto katika sensa ya 1841 au 1851. Sensa ziliungua, ila fomu nyingi za utafutaji huo zimesalia, zikiwa na vipande vya familia visivyopatikana kwingineko. (Umri ulioandikwa mwaka wa 1911 usiaminiwe upesi. Wako waliozeeka zaidi ya miaka kumi na mitano tangu 1901, na pensheni hiyo ndiyo iliyowazeesha.)

Bila jina la kitongoji, mtafutaji hukwama. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, ilhali nyaraka nyingi za Marekani husema tu kwamba mtu alizaliwa Ayalandi. Majina nayo hupotosha: Mac Gabhann, yaani mwana wa mhunzi, aliweza kuwa McGowan kwa karani mmoja na Smith kwa mwingine.

Hapo ndipo barua hufaa. Barua kutoka Marekani ilisomwa kwa sauti mbele ya jamaa na majirani. Ilianza kwa kujuliana hali, kama zetu za zamani, kisha ikauliza nani ameoa, nani amefariki, na kueleza pesa zilizotumwa kumlipia ndugu nauli ya meli. Mwanahistoria Kerby Miller alikusanya maelfu ya barua hizo, na mwaka wa 2024 Chuo Kikuu cha Galway kiliziweka kwenye intaneti. Walioacha kuandika walitafutwa gazetini: kati ya 1831 na 1921, gazeti la Pilot la Boston lilichapisha matangazo ya wake waliowasaka waume, na akina mama waliowasaka wana, yakitaja mara nyingi parokia ya kuzaliwa.

Utafutaji huu una tija nyingine. Mtu ambaye babu au nyanya yake alizaliwa Ayalandi anaweza kuomba asajiliwe kuwa raia wa nchi hiyo, mradi aonyeshe cheti cha kuzaliwa cha mzee huyo. Kukipata cheti kunahitaji jina kamili na mahali, na huenda mahali penyewe pameandikwa tu kwenye kona ya barua iliyosahaulika sandukuni.