Toka Brussels mpaka Léopoldville kwa Ndege

Mkitazama ramani mtaona ya kuwa toka Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, mpaka Kinshasa ni kilometa 6,200 hivi kwa mstari mnyofu. Leo ndege huzimaliza kwa muda wa saa 8 hivi. Lakini ndege ya kwanza iliyoshika njia hiyo ilitumia siku 51. Tuangalie sababu yake.

Siku zile msafiri alipanda meli huko Antwerp, akakaa baharini wiki tatu hivi mpaka Matadi. Hapo alishika gari la moshi, ambalo reli yake ilifunguliwa mwaka 1898, akafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Basi Mbelgiji mmoja mwanasheria, Edmond Thieffry, aliyekuwa rubani katika vita vya 1914–1918, alikaza nia ya kupita angani.

Tarehe 12 Februari 1925 aliondoka kiwanja cha Haren, Brussels, pamoja na rubani Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker. Ndege yao yenye injini tatu ilikuwa mali ya kampuni ya Sabena, iliyoanzishwa mwaka 1923. Walipita Ufaransa, Hispania, Algeria, jangwa la Sahara, Niger na Chad. Ndege ilipoharibika njiani, mafundi na vyuma vya akiba vilikuwa mbali, ikabidi kungoja. Walifika Léopoldville tarehe 3 Aprili, wamekwenda kilometa 8,124.

Sasa sikilizeni hesabu hii. Muda waliokuwa angani kweli ulikuwa saa 75 na dakika 25 tu, yaani siku tatu na kitu. Siku nyingine zote walikuwa chini. Mtu aliyepanda meli siku ile ile angaliwatangulia kufika!

Je, walijisumbua bure? Hata kidogo. Walionyesha ya kuwa mabawa yapo, ila yakosekana mambo ya chini: viwanja, petroli, mafundi, habari za mvua na upepo. Hayo yalitengenezwa polepole. Tarehe 23 Februari 1935 Sabena ilianza safari za kawaida, na njia ikawa ya siku tano na nusu. Thieffry hakuyaona. Tarehe 11 Aprili 1929 ndege yake ilianguka karibu na ziwa Tanganyika, alipokuwa akitafuta njia za ndege ndani ya Kongo, naye akafa. Sabena yenyewe ilifungwa mwaka 2001, lakini ndege zingali zinapita njia ile.

Jambo hili latuhusu hata leo. Toka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni kilometa 1,550 hivi, na ndege huzipita kwa saa mbili na kitu. Lakini mzigo unaokwenda kwa reli hufika Ilebo, ukashushwa, ukangoja chombo cha kuuchukua kwa mto Kasai. Hapo huhesabiwa majuma. Kwa hiyo Kinshasa ni karibu na Brussels kwa mwenye tikiti, na mbali na Lubumbashi kwa mwenye gunia la mahindi. Anayetaka kufupisha safari asitazame kilometa peke yake; aulize kwanza watu wanangoja wapi, na wanangoja nini.