Kimeng'enya: Matoke, Nyasi na Mchwa wa Kasubi

Kilima cha Kasubi, jijini Kampala, kinajulikana kwa Muzibu Azaala Mpanga, jumba la nyasi lenye makaburi ya Kabaka Mutesa I na Makabaka wengine watatu. Kazi ya kuliezeka ni ya ukoo wa Ngeye. Nyasi za paa hilo na matoke yanayouzwa sokoni Kasubi vina undugu wa karibu kuliko vinavyoonekana. Matoke yamejaa wanga, nyasi zimejengwa kwa selulosi, na wanga na selulosi zote ni minyororo ya glukosi. Katika wanga, glukosi zote zimeelekea upande mmoja. Katika selulosi, kila ya pili imepinduliwa. Tofauti hiyo tu ndiyo inayofanya matoke yatushibishe na nyasi zisitushibishe, na kinachoitambua ni kimeng'enya.

Kimeng'enya ni kitu, kwa kawaida protini, kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kutumika kikaisha. Jina limetokana na kitenzi "meng'enya", yaani kuvunjavunja chakula mwilini, na mwanafunzi wa Tanzania hukutana na "mmeng'enyo wa chakula" tangu shule ya msingi. Hata hivyo, asilifanye jina kuwa fasili. Vipo vimeng'enya vinavyojenga: wanga wenyewe wa ndizi umeunganishwa na vimeng'enya vya mgomba.

Kila kimeng'enya kina mwanya wenye umbo lake, uitwao eneo tendaji. Mwaka 1894 Emil Fischer alilifananisha jambo hili na kufuli na ufunguo wake. Mwaka 1958 Daniel Koshland akaongeza kwamba mwanya nao hujibana kidogo kukifuata kile unachokipokea. Amilesi, kimeng'enya cha mate yetu, huukata wanga, lakini viungo vya selulosi havikai katika mwanya wake.

Umbo likiharibika, kazi imekwisha. Ndizi mbichi ikimenywa na kuachwa wazi huwa nyeusi, kwa sababu kimeng'enya kingine kinaunganisha kemikali zake na oksijeni ya hewani. Mpishi akizifunga katika majani ya mgomba na kuzipika kwa mvuke, zinatoka za manjano na haziendelei kuwa nyeusi. Wanafunzi wengi huandika kwamba joto "limekiua" kimeng'enya. Hakikuwa hai hata kife, kimepoteza umbo.

Vimeng'enya pia ndivyo vinavyoamua nani anaweza kula nini, na hapa ndipo istilahi za ikolojia zinapoingia. Mmea unaotengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua ni mzalishaji; anayemla ni mlaji; kinachovunja mabaki ya viumbe na kurudisha madini udongoni ni kiozeshi. Majina haya hukaririwa kama vyeo, ilhali nyuma ya kila kimoja kuna vimeng'enya. Kuvu ni kiozeshi kwa kuwa anatoa selulesi, kundi la vimeng'enya vya kukata selulosi, nje ya mwili wake, kisha anafyonza sukari iliyopatikana. Ndiyo maana paa la nyasi linalokaa na unyevu huoza, na waezekaji hawakosi kazi.

Mchwa wa kundi la Macrotermes wanategemea msaada wa kuvu. Hubeba nyasi kavu na vipande vya miti hadi kichuguuni, ambako hulima kuvu wa Termitomyces anayewasaidia kuvivunja. Msimu wa mvua kichuguu hutoa kumbikumbi, ambao Waganda huwaita enswa na kuwala, na uyoga wa kuvu huyohuyo huota hapo na kuingia chunguni.

Fuata njia hiyo: nyasi, kuvu na mchwa, kisha mtu. Huo ni mnyororo wa chakula. Ukiujumlisha na minyororo mingine ya hapo, pamoja na udongo, maji, hewa na joto, umepata mfumo ikolojia. Mtu asiyeweza kuzimeng'enya nyasi amezila hatimaye, kwa vimeng'enya vya viumbe wengine.