Songea: Jina, Kaburi na Makumbusho

Mji wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma kusini mwa Tanzania, una kumbukumbu tatu za Vita vya Majimaji: jina la mji wenyewe, makaburi ya walionyongwa, na jumba la makumbusho. Iliyo kongwe kuliko zote ni ile isiyojengwa kwa mawe.

Songea Mbano alikuwa nduna wa Wangoni wa Njelu. Neno nduna, yaani mkuu wa jeshi aliye chini ya nkosi, lilitoka kusini mwa Afrika pamoja na Wangoni walipohama katika karne ya 19. Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma lao katika nchi ya nduna huyo, wakaliita kwa jina lake. Basi dola iliyomnyonga miaka tisa baadaye ilikuwa imekwisha kuliandika jina lake katika ramani, wala halikufutika.

Vita vilianza Umatumbi Julai 1905, ambako watu walishurutishwa kulima pamba, vikafika Ungoni mwaka uo huo. Kilichowaunganisha watu wa makabila mengi ni dawa ya maji iliyotolewa na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Yafaa kuzingatia kwamba vita hivyo, vilivyopiganwa na watu wa lugha mbalimbali, vimebaki na jina la Kiswahili.

Tarehe 27 Februari 1906 ndiyo inayokumbukwa kuwa siku ya kunyongwa kwa viongozi na wapiganaji wa Kingoni mjini Songea. Nduna Songea na wenzake 66, akiwamo Nkosi Mputa Gama, waliuawa. Wengi walizikwa katika kaburi moja la halaiki. Nduna Songea ana kaburi lake peke yake.

Maandishi ya kikoloni yaliwaita watu hao waasi. Neno hilo lina hukumu ndani yake, kwani mwasi ni mtu aliyevunja utii aliopaswa kuutoa. Lakini Wangoni walikuwa na wafalme wao kabla ya 1897, na utii wao kwa Wajerumani ulipatikana kwa mtutu wa bunduki. Neno vita, kinyume chake, lakiri kuwapo kwa pande mbili, kila moja ikiwa na haki ya kudai nchi. Kwa hiyo makumbusho yalipofunguliwa mwaka 1980, na waliozikwa hapo wakaitwa mashujaa, badiliko hilo halikuwa pambo la lugha. Lilikuwa ni kuitengua hukumu ya 1906.

Hata hivyo, kaburi hilo ni la wachache. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba watu 250,000 hadi 300,000 walikufa katika vita hivyo, wengi wao kwa njaa iliyofuata kuchomwa kwa mashamba na maghala. Hao hawana jiwe wala orodha ya majina.

Na kaburi la nduna mwenyewe halijakamilika. Mapokeo ya ukoo wake yasema kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akakutana na wazao wake, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta. Jina la Songea halikuondoka mjini hata siku moja. Wanachokidai wazao wake ni kwamba na mwili urudi mzima ulipo jina.