Sheria Zilizouokoa Mchezo

Huenda, msomaji, ukadhani kwamba sheria hupunguza utamu wa mchezo. Basi zingatia habari hizi za Marekani.

Tarehe 12 Novemba 1993, wanaume wanane wa mitindo mbalimbali ya kupigana walikutana mjini Denver, ili ijulikane ni mtindo upi ulio bora. Hawakugawanywa kwa uzito: mmoja alikuwa na kilo zaidi ya 180, mwingine zipatazo 80 tu. Yaliyokatazwa hasa ni kuuma na kutia vidole machoni. Huyo wa kilo 80, Royce Gracie wa Brazili, ndiye aliyeshinda, kwa kuwaangusha wapinzani wake na kuwabana hata wakasalimu amri.

Lakini wengi walichukizwa. Mwaka 1996 Seneta John McCain aliwasihi magavana waupige marufuku mchezo huo, na majimbo kadhaa yakafanya hivyo. Wenye mchezo wakalazimika kujirekebisha. Muda wa pambano ulikuwa umekwisha wekewa mpaka mwaka 1995. Mwaka 1997 wapiganaji wakagawanywa kwa uzito, na glavu zikawa lazima. Mwaka 2000 jimbo la New Jersey likauruhusu kwa sheria maalumu.

Tafakari, basi: je, sheria ziliua mchezo huo, au ndizo zilizouponya?